Vibano Vikae Wazi

Mujinga mwanangu,

Umekwenda misheni kuwaaga walimu wako, baba yako yuko kazini stesheni, na shangazi yako Kabange amekwenda sokoni. Nyumba iko kimya, nimeipata meza peke yangu. Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku lako, chini ya gauni la bluu. Juu ya bahasha nitaandika usiifungue kabla treni haijapita Bukama. Ukiisoma hapa utanijia na kuniangalia usoni, na sijui kama nitaweza kukuangalia.

Mambo ya blanketi, ya maji ya kunywa, ya watu wa kukaa nao na watu wa kuwaepuka, baba yako amekwisha kukuambia, tena mara nyingi kuliko ulivyotaka. Sitayarudia. Mimi nina jambo langu ambalo lingekufikia siku moja kwa mdomo wa mtu mwingine, kwa sababu unakwenda Elisabethville kujifunza kuzalisha, na huko utashika vyombo nilivyovishika mimi. Afadhali ulisikie kwangu.

Unakumbuka Jumamosi ile ulipoomba nikuonyeshe namna ya kupanga sinia la vyombo vya mkunga. Tulichukua mkasi wangu wa kushonea, vijiko na kitambaa cheupe. Ukavipanga vizuri, ukaufunga mkasi, ukaunyoosha sambamba na vijiko, ukasema, "Njo vile ulikuwa unafanya, mama? Shangazi alinielezaka kabati yako ilikuwa inang'aa." Shangazi yako alikuwa mlangoni, akacheka kwa furaha. Mimi nikasema kichwa kinaniuma, nikaingia chumbani. Hakikuwa kikiniuma.

Wewe umekua ukijua kwamba niliacha kazi ya hospitali kwa sababu ya mgongo. Mgongo wangu haujawahi kuwa na neno. Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Nilikuwa nimekwisha kukuzaa, ulikuwa unaanza kutambaa, Mamzeli aliponiita nyumba ya kuzalishia. Tulimwita Mamzeli tu, yule muuguzi mzungu aliyeisimamia, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa, aliyeongea Kiswahili chetu na kuchanganya na maneno ya Kiluba bila kuona haya. Alitaka mwanamke anayejua kusoma. Wake za makarani wengine waliona kufua damu ya watu ni kazi ya aibu, mimi nikakubali. Nilipewa kuosha vyombo, kuvichemsha, kuvikausha na kuvipanga kabatini. Mwanzoni vilikuwa vyombo vya zamani, vimeliwa na kutu, unavisugua kwa majivu na kesho yake vimerudi kuwa vyekundu.

Baada ya vita likaja sanduku kutoka Ulaya. Ndani yake, kila kitu kimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta, kulikuwa na vyombo vipya vya kile chuma wanachokiita inoksi, kisichoshika kutu. Mikasi, vijiko virefu, na vibano. Vibano utaviona huko na utavipenda: vinafanana na mkasi, lakini badala ya kukata vinabana. Karibu na pale unapoingiza vidole pana meno madogo. Ukibonyeza, meno yanaumana na kibano kinabaki kimefunga chenyewe hata ukikiachia. Ndivyo daktari anavyouzuia mshipa unaotoa damu huku mikono yake ikifanya kazi nyingine.

Mamzeli alinikalisha siku hiyo, akanifundisha. Hiki chuma, alisema, hakitaki kusuguliwa kwa majivu. Kioshwe kwa maji masafi mara tu kazi inapokwisha, damu isikaukie juu yake. Na vibano visichemshwe vimefungwa, wala visiwekwe kabatini vimefungwa. Vikae wazi. Nikamwuliza sababu. Akasema hata yeye alifundishwa hivyo shuleni kwao, kwamba kibano kilichofungwa ni kama mtu anayeshika mzigo mikononi hata wakati wa kulala. Nikacheka. Nikavifungua vyote.

Muda mrefu nilifanya kama alivyosema, mwanangu. Hilo pia ni kweli na naliandika, maana usifikiri nilikuwa mtu mbaya tangu asubuhi ya kwanza.

Kisha ikatangazwa kwamba daktari mkubwa wa wilaya anakuja kukagua. Tulisugua sakafu, tukapaka kuta chokaa. Mimi nikaliangalia kabati langu, nikaona haya. Vibano vikiwa wazi havikai vizuri. Miguu inatanuka, vinaingiliana, ukivuta kimoja vinakuja vitatu. Nikavifunga vyote, jino hadi jino, nikavipanga kwa urefu juu ya kitambaa cheupe. Nilijiambia ni kwa siku ile tu.

Yule daktari mkubwa alipita haraka kila mahali, lakini mbele ya kabati alisimama. Akauliza ni nani. Mamzeli akanisukuma mbele taratibu. Mzungu yule akanipa mkono mbele ya wauguzi wote wanaume, akasema kwa Kifaransa kwamba hata Elisabethville hajaona kabati kama lile. Jioni baba yako alikwisha kuyasikia stesheni. Jumapili wakaniuliza kanisani. Sikuvifungua tena vibano vile.

Mamzeli hakuona? Aliona kabati zuri. Alikuwa na wagonjwa wengi, alilala kidogo, na aliniamini. Alikuwa akinyoosha mkono bila kuangalia, akitaja anachotaka, mimi nikikifungua na kumpa.

Na kulikuwa na jambo la chumvi. Nyanya yako, mama yangu, alinifundisha nikiwa msichana kwamba nguo yenye damu hulowekwa kwenye maji ya chumvi, na damu inaachia. Siku zilizokuwa na kazi nyingi sikuwahi kuosha kila kitu mara moja. Damu ilikaukia kwenye kiungo cha vibano, pale vipande viwili vinapopitana, mahali ambapo brashi haifiki. Nikaanza kuviloweka kwenye maji ya chumvi, vimefungwa, na asubuhi nikavichemsha katika maji hayohayo kabla ya kuvisuuza. Vilitoka vikimetameta. Niliona nimepata akili ambayo hata Mamzeli hana. Sikumwambia, kwa sababu sikutaka aikatae.

Sasa nije kwa shangazi yako.

Wakati huo Kabange alikuwa ameolewa kule Mulongo na Kasongo, mchuuzi wa samaki wakavu, mtu mwenye maneno matamu aliyekuwa akituletea samaki kila alipopita Kamina. Kabange alipopata mimba nilimwambia baba yako amwite. Hapana, niseme sawasawa: nilimsumbua baba yako mpaka akamwita. Mama mkwe wake alitaka azalie nyumbani, na mimba ilikuwa inakwenda vizuri. Mimi ndiye niliyesema aje kwetu, kuna daktari, kuna vyombo vipya, na mimi mwenyewe niko pale. Alikuja kwa mtumbwi kisha kwa lori, miguu imevimba, amebeba mikate ya mihogo kichwani kwa ajili yako.

Uchungu ulimshika akiwa kwetu. Ulikuwa mrefu. Daktari alipoweka sikio, mtoto alikuwa amekwisha kunyamaza tumboni. Hilo si langu wala si la mtu, nami nalisema ili usinibebeshe hata ambacho si changu, maana nakujua. Wakampasua kumtoa mtoto, kisha damu ikakataa kukauka. Daktari akaomba kibano, nikampa. Akakibana kwenye mshipa mkubwa wa pembeni mwa kizazi, akageuka kuchukua uzi.

Kibano kikavunjika. Kilitoa sauti ndogo, kama mtu anayevunja kijiti cha kuwashia moto. Nusu moja ikabaki ndani, nusu ikaanguka kwenye viatu vyangu. Daktari akaingiza mkono, akaushika mshipa kwa vidole, akaomba kingine. Nikampa kingine. Alipokibana kikalegea kwenye kiungo, kikateleza. Sijui muda gani ulipita. Najua Mamzeli alikuwa akiomba Mungu kwa lugha yao. Mwishoni alikitoa kizazi chote, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kuifunga damu ile kabla haijaisha mwilini.

Alipona. Alikuwa na nguvu siku zote, yule. Alipoamka, uso wake mweupe kama unga, alinitafuta kwa macho. Akanishika mkono, akasema kwa Kiluba, "Wafwako, mulamu." Ahsante, wifi yangu. Alisema ameambiwa nilisimama pale mpaka mwisho.

Daktari alisema baadaye kwamba huenda angekitoa kizazi hata kwa vibano vizima, maana kilikuwa kimechoka. Huenda. Nimeligeuza neno hilo pande zote, mwanangu, hata leo sijui nilifanyie nini.

Mamzeli aliichukua ile nusu iliyoanguka. Nje ilikuwa inang'aa kama siku ilipotoka kwenye karatasi. Lakini pale ilipovunjika, ndani ya chuma, kulikuwa na mstari mweusi ulioingia kutoka kwenye kiungo karibu mpaka upande wa pili, na sehemu ndogo tu iliyobaki ilikuwa nyeupe, mpya. Chuma hakikuwa kimevunjika siku ile. Kilikuwa kinavunjika zamani.

Akavipeleka vibano vyote karakana ya reli, kwa injinia mmoja mzungu aliyejua mambo ya vyuma. Siku alipokuja kutoa majibu, Mamzeli aliniita niketi nao, kwa heshima, kwa kuwa vyombo vilikuwa mikononi mwangu. Daktari pia alikuwapo. Injinia aliongea Kifaransa, Mamzeli akanigeuzia kidogo kidogo, ingawa mengi niliyaelewa mwenyewe. Nakuandikia alivyoeleza, kwa sababu utayahitaji, na kwa sababu sijayasahau.

Alisema watu wanafikiri inoksi haishiki kutu kwa kuwa ni chuma kigumu. Si hivyo. Inoksi ina ngozi. Hewa ikiigusa, juu yake inafanyika ngozi nyembamba sana ambayo jicho haliwezi kuiona, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu. Ukiikwaruza inajifunga tena yenyewe upesi, hewa ikiwapo. Ndiyo maana chuma hiki kinaonekana kama hakifi. Lakini chuma kikivutwa au kikipindwa kwa nguvu na kuachwa hivyo, pale kinapovutwa zaidi ngozi inapasuka, maana chuma chenyewe kinanyooka kidogo na ngozi haiwezi kunyooka pamoja nacho. Kama mahali ni pasafi, inajifunga. Kama kuna chumvi na moto, chumvi inaingia kwenye ule ufa kabla ngozi haijarudi, inakula ndani, ufa unakwenda mbele. Mbele yake kuna chuma kipya kisicho na ngozi, nacho kinavutwa, kinapasuka, kinaliwa. Hivyo hivyo kila siku. Na sehemu zote nyingine zinabaki zinang'aa, kwa sababu huko ngozi ni nzima. Mtu akiangalia anaona chombo kizuri.

Akatoa kioo cha kukuzia, akatuonyesha vibano vingine. Penye kiungo kulikuwa na nyufa kama nywele. Karibu vyote.

Kisha akauliza kama vilikuwa vinakaa vimefungwa, na kama viliguswa na chumvi.

Mamzeli akanigeukia. Hakuniuliza kwa ukali. Alikuwa ananiuliza kama mtu anayetaka kumjibia mgeni tu. "Numbi, tulisema bikae wazi. Unabiacha wazi, hapana?"

Nikasema, "Wazi, Mamzeli. Kila siku."

"Na mayi?"

"Mayi safi."

Akamgeukia injinia, akamwambia kwamba mwanamke huyu hasemi uongo. Alimwambia hivyo, kwa Kifaransa, akidhani sisikii. Injinia akainua mabega, akasema basi kosa ni la waliovitengeneza, labda walikipinda chuma vibaya kiwandani. Mamzeli akaandika Ulaya kulalamika. Vibano vingine vikaja. Navyo nikaviacha wazi, miguu imetanuka, vimeingiliana, nikavisuuza kwa maji masafi ya moto, wala havikuvunjika. Kwa hiyo usifikiri sikuelewa. Nilielewa pale pale, kioo kikiwa bado mkononi mwa injinia.

Ungeniuliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza sana, na majibu niliyojipa zamani yalikuwa mazuri kuliko ukweli. Nilijiambia nitafukuzwa, na mshahara wa baba yako hautoshi. Haikuwa hivyo; Mamzeli asingenifukuza. Nilijiambia nitamuumiza Kabange zaidi. Nayo haikuwa hivyo. Ukweli ni kwamba pale chumbani, mbele ya wazungu watatu, nilikuwa yule mwanamke wa kabati, na sikuweza kuacha kuwa yeye. Ni jambo dogo hivyo. Ninaona haya zaidi kwa udogo wake. Kama ningekuwa nimeokoa kitu kikubwa kwa uongo ule, labda ningeweza kuutazama.

Kabange alirudi Mulongo. Mwaka uliofuata Kasongo alimrudisha kwa lori la samaki, na bunda lake la nguo na sufuria moja. Hakushuka hata kutusalimu. Alimtuma dereva aseme kwamba yeye anataka watoto, na kwamba huyu mwanamke tumbo lake limekufa. Baba yako alitaka kumfuata amvunje meno, watu wa stesheni wakamshika. Mimi nilichukua bunda lile, nikalipeleka kile chumba cha nyuma, nikatandika kitanda. Wiki ile ile nilimwambia Mamzeli kwamba mgongo unanisumbua. Sikuweza kutoka nyumbani nikimwacha Kabange anakubembeleza, na kwenda kusimama mbele ya kabati lile.

Mamzeli alilia nilipoaga. Alinipa kitambaa cha meza, hiki ninachoandikia juu yake. Miaka michache baadaye alirudi kwao akiwa mgonjwa, na alikwenda akiamini kwamba mimi ndiye mtu mwaminifu kuliko wote aliowafundisha. Anwani yake ninayo. Nimeanza kumwandikia mara nyingi.

Mengine unayajua, kwa sababu ulikuwapo. Kabange alikubeba mgongoni. Kabange alikusuka, alikufundisha kupika sombe ya majani ya muhogo isiwe chungu, alikusindikiza shuleni wakati wa mvua. Ukiumwa, ulimwita yeye kabla ya kuniita mimi, na sikuwahi kukasirika, nawe labda ulijiuliza kwa nini. Mimi nilimpa kitenge kipya kila Krismasi kabla ya kujinunulia changu. Sikumruhusu kuchota maji. Wanawake wa kanisa waliona. Siku moja kwenye mkutano wa akina mama mke wa mchungaji alisimama akasema wake wengi wanawafukuza mawifi wao, lakini mtazameni Mama Mujinga. Wote wakanitazama. Niliinamisha macho kama mtu mnyenyekevu. Kabange alikuwa ameketi pembeni yangu, akanibana mkono kwa furaha.

Hapo, mwanangu, ndipo penye aibu yangu kubwa. Si kibano. Kibano ni ujinga na majivuno, na mtu anaweza kusamehewa ujinga. Lakini nilipokea sifa kwa huruma ambayo haikuwa huruma, na nilizipokea kutoka kwa mkono wa yule niliyemkosea. Mara ngapi nilitaka kumwambia! Ningekuwa ninapepeta unga naye yuko mbele yangu, neno limefika mdomoni, kisha ananisimulia jambo la kuchekesha, nami nacheka. Ukicheka na mtu umeahirisha kumwambia.

Ulipofunga mkasi Jumamosi ile nilijua muda umekwisha. Nilikuona mawazoni ukienda kwenye kabati lingine, ukifunga vibano kwa sababu mama yako ndivyo alivyofanya, na watu wakikusifu. Kwa hiyo juzi, ulipokuwa kwa mshonaji, nilimfuata Kabange uani. Alikuwa anachagua samaki wakavu wa kukupa safarini, akiwatoa vichwa. Nikaketi chini mbele yake. Nikamwambia yote, kwa mpango huu huu niliokuandikia: mkaguzi, chumvi, kibano, injinia, jibu langu.

Hakunikatiza. Mikono yake iliendelea na samaki mpaka nilipofika kwa injinia, kisha ikasimama.

"Alikuuliza?" akasema.

"Aliniuliza."

"Na weye ukamujibu nini?"

"Nikasema uongo."

Ndege moja ya kule kambi ya jeshi ilipita juu yetu, akangoja ipite. Nilidhani atalia, au atanipiga, na nilitaka moja kati ya hayo. Akasema polepole, bila kuniangalia:

"Kasongo alisemaka tumbo yangu njo mubaya. Mama yake alisema, bantu bote ya Mulongo balisema. Na minyi pia nilisemaka vile. Miaka yote hii, Numbi, nikiwa naoga, naangalia mwili yangu, naiambia, ni weye. Ni weye uliniua mutoto, ni weye ulikataa bengine. Nilichukiaka mwili yangu. Na weye ulikuwa unajua."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Naapa mbele ya Mungu, katika yote niliyokuwa nikijihukumu kwayo, hilo sikulifikiria hata siku moja. Nilikuwa nimehesabu kibano, damu, kizazi, Kasongo na lori lake. Sikujua kwamba uongo wangu ulikuwa ukiendelea kufanya kazi kila asubuhi kule nyuma ya nyumba yetu, mtu akijimwagia maji na kujilaani. Neno moja langu lingemwondolea. Ningeweza kulisema wakati wowote.

Nikamwambia kile daktari alichosema, kwamba huenda kizazi kingetolewa hata hivyo. Akatikisa kichwa.

"Ile 'huenda' ungeniachia minyi niichague," akasema. Kisha akauliza, "Mujinga anajua?"

"Bado."

"Umuambie. Weye mwenyewe. Minyi sitamuambia kitu."

Akachukua samaki, akaendelea kutoa vichwa. Nikabaki nimeketi, kwa sababu sikujua kama nina ruhusa ya kuondoka. Baadaye akasema niende nikaangalie moto.

Utakuwa umeona kwamba tangu juzi haniiti mulamu. Ananiita Mama Mujinga, kama wanavyoniita majirani. Anapika, anaongea na baba yako, anacheka nawe. Mimi akiniona naingia anamaliza alichokuwa anafanya na kutoka, bila kubamiza mlango. Baba yako nilimwambia jana. Aliinuka, akaenda kuketi na dada yake. Walichoongea sikijui, wala sijauliza.

Sijui kama atabaki nyumbani kwetu baada ya wewe kuondoka. Ana ndugu kule Kabondo-Dianda wanaomtaka, na huenda alikuwa amebaki kwa ajili yako tu. Akiondoka, usiniandikie kunifariji. Mwandikie yeye. Anajua kusoma polepole, ukiandika herufi kubwa.

Nawe huko, vibano vikae wazi. Mtu akikuambia havipendezi, acha visipendeze. Visuuze kwa maji masafi, vikaushe, na uvitazame penye kiungo mahali penye mwanga mzuri, hata kama vyote vinang'aa, hasa kama vyote vinang'aa. Na kwa kuwa wewe ni binti yangu, na umechukua kwangu kupenda kusifiwa, utakosea siku moja na mtu anayekupenda atakuuliza swali kwa upole. Sitakuambia la kufanya. Nimekueleza tu mimi nilifanya nini, na ilimgharimu nani.

Nimesikia lango. Ni yeye, amerudi na kapu lake. Nitafunga hapa.

Kesho asubuhi stesheni kutakuwa na watu wengi, na utakuwa hujaisoma barua hii, hivyo nitakuambia kwa mdomo nawe utanishangaa. Nitakuomba umkumbatie kwanza shangazi yako, na umkumbatie muda mrefu. Na treni ikianza kwenda, ukae dirisha la upande atakaposimama yeye. Sasa unajua kwa nini nilikuomba.

Mama yako,
Numbi